Tufungulieni Lango Tuzunguke

Mkenya akisikia umekimbia marathoni, swali lake la kwanza ni "ulikuwa namba ngapi?" na la pili ni "walikupa pesa ngapi?" Mwambie ulikuwa namba 14 kati ya watu 19, na kwamba pesa ulitoa wewe, uone vile uso unabadilika. Halafu mwongezee kwamba kilomita zote 42 ulizimalizia ndani ya kiwanja kimoja cha shule, ukizunguka na kuzunguka kama mbuzi aliyefungwa kwa kigingi. Hapo umekwisha, bana. Hiyo stori itasimuliwa kwa matatu, itasimuliwa kwa kinyozi, na Krismasi itakusubiri kijijini.

Mimi ni mmoja wa hao mbuzi. Kwa miaka sita sasa nimekimbia mbio ndogo za raundi upande huu wa mlima, nyingi zikiwa Embu na Meru. Nina marathoni 11 na ultramarathoni nne miguuni, na jukwaa la washindi nimeliona kwa picha za watu wengine. Siandiki kuomba makofi. Naandika kwa sababu nimechoka kusikia kwamba tunachofanya ni mchezo wa watu wasio na kazi, na nimechoka zaidi kuona viwanja tulivyojengewa kwa kodi yetu vikiwa na kufuli. Msimamo wangu ni huu: mbio ndogo za raundi ndizo mbio zenye haki kuliko zote tulizo nazo nchini, na kinachozizuia zisiwe katika kila mji ni lango.

Kwanza nieleze zinavyoendeshwa, maana wengi wanacheka kitu hawajawahi kukiona.

Mtu mmoja anaandika kwenye kikundi cha WhatsApp: Jumamosi ya tatu ya mwezi, saa kumi na mbili asubuhi, kiwanja fulani, tuma mia tano kwa M-Pesa. Hiyo mia tano inanunua ndizi, maji, glukosi, chumvi na gunia dogo la viazi vya kuchemsha. Inayobaki inampa nauli mtu aliyesomea huduma ya kwanza. Siku moja kabla, mtu anapita na gurudumu la kupimia, kwa sababu simu hudanganya kwenye kona, na kona tunazo nyingi. Kiwanja cha mita 400 kinakudai raundi 105 na nusu hivi ili utimize kilomita 42.195. Ukitaka ultramarathoni ya kilomita 50, ni raundi 125 kamili. Tukipata njia ndefu, tuseme kilomita mbili kuzunguka shule, kanisa na kipande cha shamba la kahawa, hesabu inashuka hadi raundi 21 na kamkia ka mita 195.

Mezani anakaa mtu na daftari. Kila ukipita unataja namba yako, naye anachora kijiti. Vijiti vinne, cha tano anakilaza juu yao. Katika mbio moja nje ya mji wa Embu kazi hiyo ilifanywa na shosho wa mwenye shamba, kikombe cha chai mkononi na leso mabegani, na mashine gani ya kielektroniki ingeshindana na penseli yake sijui. Kijana mmoja alikata kona nyuma ya mgrevilea akidhani hakuonekana. Alipofika mezani shosho hakuinua hata penseli. "Mjukuu wangu, rudi uzunguke ule mti. Nakuona." Akarudi. Hakuna rufaa, hakuna kamati, hakuna kupiga simu kwa mjomba aliye ofisini. Niambieni ni taasisi gani nyingine hapa Kenya inafanya kazi namna hiyo.

Sasa tuje kwa wanaocheka. Hoja yao ya kwanza ni kwamba marathoni ya kweli hutoka mahali ikafika mahali. Ukizunguka hujaenda popote.

Sawa. Tarehe 6 Mei 2017 Eliud Kipchoge alikimbia saa 2:00:25 huko Monza, Italia. Alikimbilia wapi? Ndani ya njia ya magari ya mashindano, raundi 17 na nusu za kilomita 2.4. Tarehe 12 Oktoba 2019 alishuka chini ya saa mbili, 1:59:40, huko Vienna. Njia ilikuwa kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kwenye barabara iliyonyooka ya Hauptallee ndani ya bustani ya Prater. Siku hiyo nchi nzima ilisimama mbele ya televisheni, na sikumsikia mtu hata mmoja akisema jamaa hajaenda popote. Stephen Kiprotich wa Uganda alipowatoroka Abel Kirui na Wilson Kipsang kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, njia ilikuwa raundi moja fupi na tatu ndefu katikati ya jiji. Kule Sapporo mwaka 2021, Peres Jepchirchir na Kipchoge walichukua dhahabu zao kwa kuzunguka pia. Wanaopanga mbio za wakubwa hupenda raundi kwa sababu zilezile tunazozipenda sisi: magari ni rahisi kuyazuia, maji yako karibu, na anayeanguka anafikiwa haraka.

Na kama Ulaya na Japani ni mbali, njoo hapa Meru. Mbio za Lewa zilianza mwaka 2000 ndani ya hifadhi ya wanyama iliyo kaskazini mwa kaunti, kwenye vumbi, mita zaidi ya 1,600 juu ya usawa wa bahari. Njia yake ni raundi moja ya kilomita 21. Anayekimbia nusu marathoni anazunguka mara moja, anayekimbia marathoni kamili anazunguka mara mbili. Askari wa wanyamapori wanalinda njia, helikopta inapita juu kuhakikisha tembo na vifaru wako mbali. Watu hupanda ndege kutoka mabara mengine kuja kuzunguka hapo. Sina ugomvi na Lewa. Pesa zake zinaenda kwa uhifadhi, shule na zahanati, na kilima chake cha raundi ya pili kinamfundisha mtu adabu. Ninachosema ni kwamba hakuna anayemwita aliyemaliza Lewa mbuzi wa kigingi. Kumbe kuzunguka si aibu. Aibu ni kuzunguka bila mdhamini.

Hoja ya pili huja kama ushauri wa bure: "Si mkimbie tu barabarani? Barabara ni ya kila mtu."

Huyu anayeshauri hivyo aanze yeye. Atoke Embu mjini saa kumi na moja alfajiri aelekee Runyenjes. Ile barabara ya kwenda Meru kupitia Chuka na Nkubu ni ya kupendeza ukiwa ndani ya gari. Migomba huku, chai kule, mito inayoshuka kutoka mlimani, kona juu ya kona. Ukiwa kwa miguu ni habari nyingine. Sehemu nyingi ukingo wa lami umeliwa, na ukitoka kwenye lami unaingia mtaroni. Mchana na jioni kuna pikapu za miraa zinazotoka upande wa Maua zikikimbizana na saa, kwa sababu miraa iliyokauka haina bei, na dereva halipwi kwa kupunguza mwendo mbele ya mtu aliyevaa kaptura. Asubuhi kuna mabasi ya usiku yenye madereva waliochoka. Daraja la Nithi kila mtu wa huku analijua. Tarehe 24 Julai 2022 basi lilitumbukia pale na zaidi ya watu 30 wakafa, na halikuwa la kwanza kuanguka hapo. Hao walikuwa ndani ya chuma. Wewe una fulana.

Tuelewane kuhusu saa pia. Mwanariadha wa kulipwa, kazi yake ni kukimbia. Anaweza kutoka jua likiwa juu, akapita barabara za vumbi zisizo na magari, kisha akalala mchana. Fundi, muuguzi, karani na mwalimu hawana mchana. Wana ile saa moja kabla ya kazi, na ile moja baada ya kazi, na zote mbili ni giza au nusu giza. Kumwambia mtu huyo akimbilie barabarani ni kumwambia achague kati ya presha ya damu na bampa ya lori.

Kwa wanawake hesabu ni mbaya zaidi. Tuna dada tunayekimbia naye Meru, mwenye kasi kunishinda mara mbili. Aliacha kukimbia peke yake upande wa Makutano si kwa sababu ya magari. Aliacha kwa sababu ya pikipiki zilizokuwa zikipunguza mwendo kando yake, kila asubuhi, "siste unakimbilia wapi, panda nikupeleke." Mara ya kwanza unacheka. Mara ya kumi unaanza kuhesabu nyumba zilizo na taa. Msitu wa Imenti uko pale pale, una kivuli na hewa safi, na kila mtu anamwambia asiingie peke yake. Kwa hiyo mji wenye msitu mmoja mzuri na barabara chungu nzima haukuwa na mahali pa mwanamke mmoja kukimbia saa kumi na mbili asubuhi. Kwenye raundi anapita mezani kila baada ya dakika mbili. Akichelewa dakika moja, mtu anainuka kwenye kiti kwenda kuangalia. Hiyo tu. Huo ndio usalama wote anaoutaka, na haugharimu hata shilingi moja ya kamera.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na ndiyo inayosemwa kwa sauti ya chini: kukimbia ni kazi, na kama hukulipwa, unapoteza nguvu bure.

Hii tumelelewa nayo. Mtoto alikimbia kwenda shuleni, akaonwa, akashinda huko ng'ambo, akamjengea mamake nyumba ya mawe. Hadithi nyingi za namna hiyo ni za kweli na ni nzuri. Lakini zimetuachia ugonjwa fulani. Hapa kwetu mwili unaokimbia una maelezo mawili pekee: unaelekea benki, au unafukuzwa. Mtu mzima akionekana anakimbia pale Gakoromone, watu hawamwangalii yeye, wanaangalia nyuma yake waone ni nani anakuja. Nchi inayojiita nyumbani kwa mbio imewaachia mbio watu mia chache wenye vipaji, na sisi wengine tumepewa kazi ya kupiga makofi na kunenepa.

Kuna pingamizi moja hapa ninaloliheshimu. Mama anayetoka Mbeere na mtungi wa maji mgongoni, au anayeinama kuchuma chai tangu alfajiri, ana haki ya kuniuliza: kijana, wewe una nguvu za kuzunguka kiwanja saa sita nzima, na shamba la nani limelimwa? Sitajifanya kwamba swali hilo ni la ujinga. Kuna watu ambao miguu yao inatembea ultramarathoni kila wiki bila namba kifuani na bila mtu wa kuwachorea kijiti. Jumamosi yenye nafasi ni mali, na si kila mtu anayo.

Lakini hebu aje aone ni nani wanazunguka. Kuna muuguzi anayetoka zamu ya usiku na kuanza mbio kabla hajalala. Kuna fundi wa pikipiki mwenye oili chini ya kucha. Kuna mpishi wa mkahawa, walimu watatu, askari jela mstaafu. Mara moja alikuja mchuma chai kutoka upande wa Imenti, na raba za mpira za kuendea shambani, akamaliza kilomita 21 huku sisi wenye viatu vya maelfu tukitafuta kivuli. Nilimwuliza kwa nini anakimbia na kazi yake ilivyo nzito. Akasema siku sita mgongo wake ni wa kampuni, unapimwa kwa kilo. "Leo ni wangu." Hakuna aliyeongeza neno. Huyu si mtu asiye na kazi. Huyu ni mtu aliye na kazi tele, ambaye amegundua kwamba mwili wake unaweza kufanya kitu ambacho hakuna bosi atakayekipima mizani.

Na kama shida ni kwamba si kila mtu ana nafasi, dawa yake ni kufanya nafasi iwe rahisi kupatikana. Mbio kubwa za mjini zinataka ada, nauli ya kwenda, chumba cha kulala, na likizo. Mbio ya raundi inataka mia tano na kiwanja kilicho karibu na nyumbani. Anayewaonea huruma maskini wasiopata kukimbia angeanza na bei.

Sasa nieleze kitu ambacho huwezi kukielewa ukiwa nje ya ukamba.

Kwenye mbio ya kutoka A kwenda B, kuacha kuna gharama. Ukiachia kilomita ya 30, bado uko kilomita 12 kutoka kwa begi lako, jua linawaka, na huna nauli. Mara nyingi unaendelea kwa kukosa njia nyingine. Kwenye raundi, begi lako liko pale. Koti lako liko pale. Chai iko pale, inatoa mvuke, na kando yake kuna kiti cha plastiki. Kila baada ya dakika mbili au tatu unaulizwa upya kama unataka kuendelea, na kila mara jibu la "hapana" ni rahisi, karibu na tamu. Kiti ndicho adui. Katika mbio ya saa sita niliyokimbia Meru, kuanzia raundi ya 90 sikuwa nikipigana na miguu tena. Nilikuwa nikipigana na kiti. Nilikipita mara 31 zaidi, nikafikisha raundi 121. Hakuna mtu aliyenilazimisha hata moja kati ya hizo, na ndiyo maana nazikumbuka kuliko mbio yoyote niliyomalizia chini ya bango la kampuni.

Ulimwengu una watu waliolielewa hili kabla yetu. Kule Tennessee, Marekani, mzee mmoja anayeitwa Gary Cantrell, maarufu kama Lazarus Lake, alibuni ultramarathoni ya uani. Raundi ni kilomita 6.706. Kila saa ikigonga, wote wanaanza upya. Aliyemaliza kwa dakika 40 na aliyemaliza kwa dakika 59 wanasimama mstari mmoja. Anayeshindwa kusimama kwenye mstari anaenda nyumbani, na mbio inaendelea mpaka abaki mtu mmoja. Saa 24 zikitimia umefika maili 100. Kule Queens, New York, tangu mwaka 1997 kuna mbio ya maili 3,100 inayozunguka mtaa mmoja wa mjini, raundi ya mita 883, jumla raundi 5,649, na muda wa kumaliza ni siku 52. Wanazunguka shule. Watoto wanaingia darasani, wanatoka, na wale watu bado wanazunguka. Unaweza kuwaita wehu. Lakini hawahitaji mlima, wala hifadhi, wala kibali cha kufunga barabara kuu. Wanahitaji njia ya kando ya barabara iliyo salama, kitu ambacho miji yetu mingi haina.

Kuna faida nyingine, na kwangu hii ndiyo kubwa. Kwenye marathoni kubwa aliye mbele simwoni kabisa. Wakati mimi nafika kilomita ya 25, yeye ameshaoga. Nyuma yangu kuna gari linalookota wazembe, na nyuma ya gari kuna polisi wanaofungua barabara, na matatu zinapiga honi kuniambia muda wangu umekwisha. Kwenye raundi, aliye mbele ananipita mara tisa, na mara zote tisa ananisalimia. Raundi ya tatu anasema "kaza." Raundi ya hamsini haongei, ananyoosha kidole gumba. Raundi ya mia moja na yeye anatembea, na sasa ni mimi ninayemwambia "kaza." Wa mwisho haonekani kuwa wa mwisho, kwa sababu mtu akisimama getini hawezi kujua nani anaongoza na nani anaburuta mkia. Wote wako ndani ya duara moja. Katika nchi ambayo kila kitu, kuanzia mtihani wa darasa la kwanza mpaka foleni ya benki, kinakupangia namba, hiyo ni raha ambayo sijui nitailinganisha na nini.

Basi mbona mbio hizi ni chache? Turudi kwa lango.

Tarehe 1 Juni 2018, Madaraka ya kitaifa iliadhimishwa Meru, uwanja wa Kinoru. Tarehe 1 Juni 2023 ikaja zamu ya Embu, uwanja wa Moi. Kinoru ulikuwa pia kwenye mipango ya CHAN 2018, mashindano ambayo shirikisho la soka la Afrika liliiondolea Kenya Septemba 2017 kwa maandalizi kuchelewa, yakapelekwa Morocco. Angalia mpangilio wa hizo sababu. Uwanja unatengenezwa kwa sababu rais anakuja. Uwanja unatengenezwa kwa sababu wageni wanakuja. Ni lini umesikia uwanja unatengenezwa kwa sababu wakazi wa mtaa wa pili wanataka kuzunguka humo kabla ya kwenda kazini?

Katiba ya 2010 haifichi jambo hili. Jedwali la Nne, sehemu ya pili, linazipa kaunti kazi ya michezo na vifaa vya michezo, pamoja na bustani na mahali pa burudani. Halikusema michezo ya timu pekee. Halikusema burudani ya sikukuu pekee. Kiwanja cha umma ni chetu kama vile zahanati na soko ni vyetu, na hakuna anayehitaji kushinda medali ndiyo aruhusiwe kununua nyanya.

Sasa sikiliza kinachotokea kwa kweli. Katika kaunti moja ya upande huu wa mlima tuliandika barua kuomba kiwanja cha umma kwa saa saba, Jumapili moja, watu wasiozidi 30. Ofisi sitaitaja. Barua ilikaa wiki tatu. Jibu lilipokuja lilikuwa orodha: ada ya kiwanja, ambulensi ya siku nzima, bima, barua ya polisi, ada ya usafi, na amana ya kurudishiwa baadaye. Jumla ilipita mara kumi pesa tulizochanga. Tukauliza kama hiyo ndiyo bei ya watu 30 wanaozunguka bila hata kipaza sauti. Tukaambiwa utaratibu ni utaratibu. Mwezi haukuisha kabla kiwanja kilekile hakijajaa magari na spika za mkutano wa siasa, na wenye magari waliegesha juu ya njia ya kukimbilia. Tulikimbia mbio yetu kwenye shamba la mtu.

Watetezi wa kufuli watasema ukifungua lango watu wataharibu. Hebu tuwe wakweli kuhusu nani anaharibu. Njia ya kukimbilia haiharibiwi na raba za mwalimu. Inaharibiwa na magurudumu, viatu virefu na mahema ya sherehe yenye vigingi vya chuma. Na watu 40 wakiwa ndani ya kiwanja kila asubuhi, huyo mwizi wa nyaya za taa atapita saa ngapi?

Na wenzangu wa mbio pia msijifiche nyuma yangu. Kila kikundi kidogo kikifika watu 50, mtu anaanza kuota ndoto za mabango. Eti tutafute mdhamini. Eti medali iwe nzito kama sahani ya ugali. Eti DJ, eti droni, eti tisheti mpya kila mara, na ada inapanda kutoka mia tano hadi elfu tatu, na yule fundi wa pikipiki anatoweka kimyakimya, na hakuna anayeuliza alienda wapi. Tukifanya hivyo tutakuwa tumejenga lango letu wenyewe na kulitia kufuli la bei. Mbio ndogo hazihitaji kukua. Zinahitaji kuzaana: Runyenjes iwe na yake, Chuka iwe na yake, Nkubu, Maua, Siakago, kila mahali penye kiwanja na shosho mwenye penseli.

Tunachodai hakihitaji tume wala safari ya kujifunza huko Rwanda. Kila kiwanja cha umma kifunguliwe bure kwa watembeao na wakimbiao, kuanzia saa kumi na moja na nusu alfajiri hadi saa mbili, na tena saa kumi na moja jioni hadi saa moja usiku. Choo kimoja kisiwe na kufuli, bomba moja liwe na maji, na taa mbili ziwake. Kikundi cha watu wasiozidi 50, kisichouza tiketi na kisicho na spika, kipate kiwanja kwa barua ya ukurasa mmoja na jibu ndani ya siku saba. Ubao ubandikwe getini ukionyesha saa hizo, na namba ya simu ya kupiga lango likiwa bado limefungwa.

Diwani wako anaweza kupeleka hoja hiyo kwenye bunge la kaunti. Mwulize. Mwulize kwenye kikundi cha wadi, mwulize kwenye mazishi, mwulize akija kukuomba kura. Akicheka, mwulize mara ya mwisho yeye mwenyewe kukimbia ilikuwa lini, na nani alikuwa akimfukuza.

Anayeshika ufunguo analipwa mshahara na sisi. Na saa kumi na moja na nusu si mapema kiasi hicho. Mlinzi wa lango huwa yuko macho. Tunamsalimia tukipita nje ya ukuta, kwenye giza, upande wa magari, naye anatuitikia kwa upole kabisa akiwa ndani, peke yake, na mita 400 zote tupu nyuma yake.